Mteremko Hauna Rafiki: Somo la Kushuka Mlima kwa Baiskeli

Kijana mwenzetu, hebu jibu swali hili kwanza. Ukiwa juu ya baiskeli, kipi kigumu: kupanda mlima au kuushuka?

Wengi watajibu haraka: kupanda! Jasho linakutoka, mapaja yanawaka moto, mwisho unashuka na kuanza kusukuma. Kushuka je? Aa, kushuka ni raha tupu. Unaachia, upepo unakupiga usoni, shati linapepea kama bendera.

Sawa. Lakini ni nani umewahi kusikia amevunjika taya akiwa anapanda?

Somo letu leo ni juu ya hiyo raha ya kushuka. Hatutaki kukukataza baiskeli, hata kidogo. Baiskeli ni chombo cha afya: inaimarisha moyo, mapafu na misuli, na inakufikisha shuleni bila nauli. Tunachotaka ni ufike ukiwa mzima. Ukimaliza kusoma uweze kufanya mambo matatu: kueleza kwa nini mteremko ni hatari, kushuka kwa njia salama, na kumsaidia mwenzako aliyeanguka.

MILIMA YETU

Kama unaishi Chiwata, huhitaji kuelezwa mteremko ni nini. Uwanda wa Juu wa Makonde umekaa kama meza. Juu ni tambarare, mchanga na mikorosho. Ukifika ukingoni, meza inakatika ghafla. Mjini Newala unaweza kusimama mahali panapoitwa Shimo la Mungu ukatazama chini, mamia ya mita, hadi bonde la Mto Ruvuma na nchi ya Msumbiji ng'ambo.

Watu wa huku wamezoea kupanda na kushuka tangu zamani, kwa sababu juu ya uwanda maji ni shida. Kabla ya mradi wa maji wa Makonde ulioanza miaka ya 1950, wanawake walishuka mabondeni kuteka maji na kupanda nayo kichwani. Hata sasa, bomba likikauka, madumu yanarudi kwenye keria. Msimu wa korosho ukifika, magunia nayo yanapanda keria. Na kila siku ya shule wapo wanafunzi wanaopita njia hizo hizo, asubuhi wakiwahi namba, jioni wakiwahi ugali.

Kwa hiyo mteremko kwetu si mchezo wa Jumapili. Ni njia ya kila siku, na ndiyo sababu tunaizoea mpaka tunaidharau.

MWENDO UNATOKA WAPI?

Rudi kwenye somo la fizikia. Kitu kikiwa juu kina nishati. Kikishuka, nishati ile haipotei, inageuka kuwa mwendo. Ukishuka na baiskeli bila kufunga breki, kila mita unayokwenda chini inakuongezea kasi.

Tufanye hesabu. Chukua mteremko ambao kila ukienda mita 10 mbele unashuka mita 1 chini. Ukiachia kwa mita 50 tu, umeshuka kimo cha mita 5. Tukiacha upepo na msuguano wa mchanga, kasi yako hapo ni mita 10 kwa sekunde, yaani kilomita 36 kwa saa. Ni kasi ile ile ya mtu anayeanguka kutoka juu ya mti wa mita 5. Hakuna mwenye akili timamu atakayeruka kutoka kwenye mkorosho mrefu kwa makusudi. Lakini akiwa juu ya baiskeli anaiona kasi hiyo ni kitu cha kawaida, eti kwa sababu amekaa kwenye kiti!

Ni kweli upepo na mchanga vitakupunguza kidogo. Lakini mteremko mingi ya kwetu haina mita 50. Ina mamia.

Jambo la pili: kasi ikiongezeka mara mbili, umbali unaohitaji ili usimame unaongezeka mara nne, si mara mbili. Na kabla hujafunga breki lazima kwanza uone mbuzi, uelewe ni mbuzi, ndipo vidole vifanye kazi. Sekunde moja inapita hivi hivi. Kwa kasi ya kilomita 36 kwa saa, sekunde hiyo moja ni mita 10. Mbuzi hatakusubiri, bwana.

BREKI INAFANYA KAZI GANI?

Breki haiui mwendo. Inaugeuza kuwa joto. Raba inasugua rimu, rimu inapata moto.

Ni joto kiasi gani? Chukua kijana wa kilo 55, baiskeli ya kilo 20 na gunia la kilo 45. Jumla kilo 120. Akishuka kimo cha mita 200 kwa mwendo mdogo usiobadilika, karibu nishati yote itakwenda kwenye breki: 120 mara 10 mara 200, sawa na jouli 240,000. Joto hilo linatosha kuchemsha karibu robo tatu ya lita ya maji. Lote hilo linapita kwenye vipande vinne vya raba na rimu mbili.

Yupo aliyejifunza hilo kwa vitendo. Huko Marekani, katika jimbo la California, vijana wa mji wa Fairfax walianza mwaka 1976 kushindana kushuka njia ya mlimani kwa baiskeli. Baiskeli zao hazikuwa za kifahari. Zilikuwa kuukuu, nzito, bila gia, na breki yake ni ile ya kukanyaga pedeli kinyumenyume, iliyomo ndani ya habu ya nyuma. Wakifika chini, habu imeshika moto hadi grisi inaungua na kutoka moshi. Ilibidi wafungue habu na kujaza grisi upya kabla ya kushuka tena. Njia ile wakaipa jina la Repack, maana yake "kujaza upya". Kutokana na michezo kama hiyo ikazaliwa baiskeli ya mlimani tunayoijua leo, na mwaka 1996 mchezo wake ukaingia katika Olimpiki mjini Atlanta.

Sasa tazama baiskeli ya nyumbani. Mara nyingi ni Phoenix au nyingine nzito kama hiyo, haina gia, rimu zake ni za chuma. Ni baiskeli imara, lakini kumbuka mambo mawili. Kwanza, rimu ya chuma ikilowa, nguvu ya breki inapungua sana. Wakati wa masika, breki iliyokutosha jana inaweza isikutoshe leo. Pili, rimu ikipata moto sana, gundi ya kiraka kwenye tyubu inalainika na kiraka kinaweza kubanduka. Upepo unatoka katikati ya mteremko, pale pale usipopataka.

KAGUA KABLA HUJAONDOKA

Dakika mbili zinatosha:

1. Funga breki ya mbele, sukuma baiskeli mbele. Gurudumu lisizunguke. Fanya hivyo hivyo kwa ya nyuma.
2. Tazama raba za breki. Zikiwa zimekwisha hadi chuma kinakaribia rimu, ni za kutupa. Kipande cha tairi au kandambili si raba ya breki.
3. Shika gurudumu la mbele kwa magoti, jaribu kuuzungusha usukani. Ukizunguka peke yake, nati imelegea. Usipande.
4. Bonyeza matairi. Angalia kama waya wa tairi umetokeza.
5. Funga vizuri mzigo. Kamba isining'inie karibu na spoku.

Utasema, "Lakini baiskeli si yangu, ni ya mjomba." Vizuri, basi zungumza naye. Anza kwa heshima: "Shikamoo, mjomba. Raba za breki zimekwisha, naogopa kushuka nazo. Naomba tuipeleke kwa fundi." Mjomba anayekupenda atakuelewa. Na kama hela hakuna wiki hii, panda baiskeli kwenye tambarare, na mteremko uushuke kwa miguu.

NAMNA YA KUSHUKA

Punguza mwendo juu, kabla mteremko haujaanza. Hili ndilo jambo kubwa kuliko yote katika somo hili. Baiskeli iliyokwisha kushika kasi ni vigumu kuirudisha. Baiskeli inayoanza polepole unaweza kuilinda polepole hadi chini.

Tumia breki zote mbili, taratibu, pamoja. Ukifunga ya nyuma peke yake, gurudumu linakwama na kuteleza. Ukibana ya mbele ghafla, baiskeli inasimama na wewe unaendelea na safari, kichwa kikitangulia.

Sogeza makalio nyuma ya kiti, inama kidogo, legeza viwiko. Pedeli ziwe sawa kwa kimo, usimamie miguu yote miwili. Ukikaa wima kama mwalimu wa zamu, kila shimo litakurusha.

Kabla ya kona, maliza kufunga breki. Ukiwa ndani ya kona yenye mchanga au changarawe, usibane breki ya mbele na usikate usukani ghafla.

Mteremko ukiwa mrefu, simama njiani. Acha rimu zipoe, kunywa maji. Usizishike kwa mkono, zinaunguza.

Tazama mbali, mita 15 au 20 mbele, si kwenye gurudumu lako. Piga kengele kabla ya kona. Siku hizi bodaboda nao wanatumia njia hizi, na wanapanda kwa kasi.

Na helmeti? Inapunguza hatari ya kuumia vibaya kichwani kwa zaidi ya nusu. Ukiipata, ivae na uifunge kamba kidevuni. Ile ya pikipiki ni nzito na ina joto, lakini kwenye mteremko ni bora kuliko kichwa kitupu, mradi ikutoshe. Iliyokwisha kugongwa vibaya haifai tena. Tunajua wengi wenu hamna. Basi dawa yenu ya kwanza ni mwendo mdogo.

ALIYEPAKIWA NYUMA

Watoto wadogo huumia kwa namna ya peke yake. Mtoto anakaa kwenye keria, miguu inaning'inia, baiskeli ikitikisika kisigino kinaingia kwenye spoku. Gurudumu haliwi na huruma. Ngozi inachunika, mara nyingine mfupa unavunjika, na kidonda cha kisigino huchukua muda mrefu kupona. Kwa hiyo ukimpakia mdogo wako, aweke miguu mbali na gurudumu, avae viatu, na kwenye mteremko mshushe atembee.

Dada unayekaa upande kwenye keria, nawe jihadhari: kanga au sketi ndefu ikinasa kwenye spoku inakuvuta chini. Mkiwa wawili au watatu kwenye baiskeli moja, breki ni zile zile vipande vinne. Hazijaongezeka.

NJIA NAYO INA MAKOSA

Mara nyingine kosa si la mpandaji, ni la njia. Katika mabonde ya milima ya Alps huko Ulaya, watu hutengeneza njia za baiskeli kwa makusudi. Kijiji cha Les Gets, Ufaransa, kimeandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za mlimani mwaka 2004 na 2022. Mpandaji anapandishwa juu kwa viti vinavyovutwa na waya, kisha anashuka kwa baiskeli. Hatuna viti vya waya Chiwata, lakini kuna mambo mawili tunaweza kujifunza.

La kwanza ni alama. Kila njia ina rangi yake: kijani ni rahisi, buluu ni ya wastani, nyekundu ni ngumu, nyeusi ni ya mabingwa tu. Mtu anajua kabla hajaanza.

La pili ni namna ya kuchora njia. Njia nzuri haishuki mlima moja kwa moja kama maji. Inakata mlima kwa upande, kwa kuzungukazunguka, na kila baada ya umbali fulani inainuka kidogo ili maji ya mvua yatoke pembeni. Njia inayoshuka moja kwa moja inageuka mfereji. Mvua ikinyesha inachimba makorongo, na kiangazi makorongo hayo ndiyo yanayotuangusha.

RAFIKI AMEANGUKA. UFANYE NINI?

Usimwinue haraka. Kwanza hakikisha wewe mwenyewe uko salama: weka baiskeli au matawi juu ya njia ili wengine wapunguze mwendo. Kisha fuata haya:

Shingo. Akilalamika maumivu ya shingo au mgongo, au hasikii miguu, usimsogeze. Mtu mmoja ashike kichwa kisitikisike, mwingine akaite watu na machela. Kama amezimia lakini anapumua, au anatapika, mgeuzeni alale ubavu, kichwa na mwili vikigeuka pamoja, asipaliwe.

Damu. Bana kidonda kwa kitambaa safi na uendelee kukibana. Kinga mikono yako kwa glovu au plastiki safi, damu ya mtu mwingine isiingie kwenye michubuko yako. Mchubuko mdogo uoshwe kwa maji safi na sabuni. Usipake majivu, mafuta ya taa wala grisi. Nenda zahanati ukaulize juu ya chanjo ya pepopunda, kwa maana udongo na kidonda ni rafiki wabaya.

Mfupa. Ufunge ulivyo kwa vijiti viwili na kitambaa, usijaribu kuunyoosha.

Tumbo. Mara nyingine usukani unamchoma mtu tumboni. Nje huoni kitu, ndani wengu au ini limepasuka. Akiwa na maumivu ya tumbo yanayozidi, amepauka, ana kizunguzungu au kiu kali, asile wala asinywe. Hospitali mara moja.

Kichwa. Hapa ndipo wengi wanadanganyika. Mtu anaanguka, anazimia kidogo, anazinduka, anacheka, anasema, "Niko poa." Saa chache baadaye anasinzia na haamki. Damu imekuwa ikivuja taratibu ndani ya fuvu. Kwa hiyo asiachwe peke yake kwa saa 24. Usiku mwamsheni mara kwa mara muone kama anaamka na kujua alipo. Pombe asinywe, wala aspirini. Mpelekeni hospitali bila kungoja mkiona dalili hata moja kati ya hizi:

- alizimia, hata kwa muda mfupi
- anatapika tena na tena
- kichwa kinazidi kuuma
- anachanganyikiwa au kusinzia isivyo kawaida
- mboni za macho hazilingani
- damu au majimaji yanatoka sikioni au puani
- anapata degedege, au upande mmoja wa mwili umelegea

Upande wa Masasi kuna Hospitali ya Mkomaindo na ile ya Ndanda, upande wa Newala kuna Hospitali ya Wilaya. Aliyeumia kichwa asipakiwe kwenye keria. Tafuteni gari, au mumbebe kwa machela hadi barabarani.

ETI KUKOKOTA NI UOGA?

Tuseme wazi. Wengi hawaanguki kwa kutojua. Wanaanguka kwa sababu wenzao wanatazama. Wewe umeshuka unakokota baiskeli, wao wanakupita wakipiga miluzi: "Muone huyo, bibi kizee!" Inauma, tunajua.

Chukua kijana A na kijana B. Wote breki zao mbovu. A anaachia, B anakokota. A anafika chini dakika kumi kabla ya B. Siku hiyo A ameshinda. Lakini njia ile wanapita mara mbili kwa siku, mwaka mzima wa masomo. A anahitaji bahati kila siku. B hahitaji bahati hata siku moja. Wewe ungependa kuwa nani kwenye chumba cha mtihani wa kidato cha nne?

Na kama wewe ndiye unayepiga miluzi, fikiri. Mwenzako akianguka kwa ajili ya maneno yako, ni wewe utakayeshika machela.

KWELI AU SI KWELI?

1. Breki ya nyuma peke yake inatosha kwenye mteremko.
2. Aliyegonga kichwa akizinduka na kucheka, hatari imekwisha.
3. Mwendo ukiongezeka mara mbili, umbali wa kusimama unaongezeka mara mbili.
4. Rimu ya chuma ikilowa, breki inapungua nguvu.
5. Mfupa uliovunjika unyooshwe kwanza, ndipo ufungwe.

Majibu: 1. Si kweli, tumia zote mbili. 2. Si kweli, mwangalieni saa 24, na kama alizimia apelekwe hospitali. 3. Si kweli, ni mara nne. 4. Kweli. 5. Si kweli, ufungwe ulivyo.

KAZI YA KLABU

Wiki hii, wewe na wenzako chukueni karatasi kubwa, mchore ramani ya njia zinazofika shuleni kwenu. Zipakeni rangi nne kama wale wa Alps. Kijani: mtoto anaweza kupita. Buluu: breki nzima, mwendo mdogo. Nyekundu: bila mzigo na bila abiria. Nyeusi: wote tunashuka na kukokota. Wekeni alama kwenye makorongo, mchanga mwingi na kona zisizoonekana. Ibandikeni ukutani, kisha mwombeni mwalimu awaongoze kwenda kwa mwenyekiti wa kijiji na majembe, mkachimbe mifereji ya kutoa maji pembeni kabla mvua hazijaanza.

Mkishakubaliana kuwa sehemu fulani ni nyeusi kwa wote, hakuna atakayemcheka mwenzake kwa kukokota hapo.